Shangazi wa Midrand Ajibu: Dunia Inaangamia, Mume Wangu Anacheza Karata

Wiki hii mfuko wa barua wa Shangazi umejaa gemu tupu. Hakuna aliyeuliza habari za mahari, wala aliyemshtaki wifi. Kuanzia Vorna Valley hadi Ivory Park, wasomaji wamegawanyika juu ya RPG, zile gemu ambazo mchezaji huvaa jina la mtu mwingine na kubeba mikosi yake. Wapo wanaotaka dunia wazi, ambamo mtu hupanda farasi akaelekea apendako. Wapo wanaotaka njia moja, msimulizi mbele, mchezaji nyuma. Marafiki wamenuniana, na ndoa moja inayumba.

Ugomvi huu kuzuka Midrand si ajabu. Comic Con Africa, tamasha la katuni na gemu, ilianzia hapa, Kyalami, Septemba 2018, na mwaka uliofuata ikafanyika Gallagher, kwenye eneo lilelile lenye makao ya Bunge la Afrika, ambalo rais wake wa kwanza, mwaka 2004, alikuwa Mtanzania Gertrude Mongella. Mahali palipozoea waheshimiwa na wakalimani wao pakapokea vijana wenye mapanga ya maboksi na mbawa za sponji.

Kabla ya kufungua bahasha, Shangazi anatangaza msimamo wake ili asije akaitwa kigeugeu. Haulizi ramani ina ukubwa gani. Anauliza nani ameshika saa.

Mke wa Mteule, Vorna Valley

Bibi huyu anaeleza kwamba mumewe, mtu wa Tanga, mpole, mwenye heshima zake msikitini, alimwomba sebule kwa muda kwa sababu alikuwa akimtafuta binti yake wa kulea, anayewindwa na jeshi la mizuka. Mke akaona huruma, akamwachia televisheni na tamthilia zake zote. Miezi imepita. Kila akipita na chai anamkuta mume kilabuni, ndani ya gemu, anacheza karata na wachuuzi. Swali lake ni zito: mwanamume anayeweza kumsahau binti wa kwenye kioo, atamkumbuka binti yao halisi wa madrasa?

Shangazi anamtetea mume, lakini nusu tu. Gemu yenyewe ni The Witcher 3, iliyotolewa na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland Mei 2015, na binti ni Ciri. Ukweli ni kwamba wale mizuka hawasogei hata hatua moja mpaka mchezaji aamue kuendelea na misheni kuu. Mume amegundua siri hiyo, ndiyo maana ametulia. Hata Skyrim ya 2011 ina ugonjwa huohuo: joka Alduin amekuja kuimeza dunia, na dunia inabaki nzima kwa muda wote ambao mchezaji anachuma maua, anaoa na kununua nyumba. Fallout 4, ya Novemba 2015, imezidi. Mzazi ananyang'anywa mtoto mchanga mbele ya macho yake, na saa chache za kucheza baadaye yuko uwanjani anapigilia mbao na kupanda mboga.

Kosa hapo si la mume wala la uhuru wenyewe. Mwandishi wa hadithi amepiga yowe la moto, mchora ramani akawaambia watu wasiwe na haraka. Wawili hao hawakukaa kikao kimoja.

Wapo waliokaa. Katika Fallout ya kwanza, ya 1997, mchezaji anatumwa kutafuta kifaa cha kusafishia maji kwa ajili ya watu walio chini ya ardhi, naye anapewa siku 150. Anaweza kwenda kokote, lakini siku zinahesabika, na zikiisha watu wake wamekufa kwa kiu. The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya Machi 2017, ilitumia ujanja wa upande wa pili. Shujaa Link anaamshwa baada ya kulala miaka 100, na binti mfalme amemzuia adui muda wote huo. Mchezaji akishatoka kwenye uwanda wa mwanzo, anaweza kwenda kumkabili adui moja kwa moja au akaenda kupika uyoga. Binti mfalme aliyesubiri karne nzima hatakasirika kwa wiki moja zaidi.

Kwa hiyo bibi asichomoe waya. Amwombe mumewe aicheze mbele yake ile misheni ya Baroni Mwenye Damu, mlevi aliyempiga mkewe mpaka mke na binti wakatoroka, na sasa anamtaka Geralt, shujaa anayechezwa na mume, awatafute. Haipo mbali na njia ya Ciri, na inazungumzia kilekile: baba, binti, na kilichovunjika kati yao. Ikifika mwisho, bibi aulize habari za madrasa. Shangazi hatarajii mume atakuwa na la kujitetea.

Abiria, Noordwyk

Kijana huyu anapenda gemu za njia moja. Rafiki zake wamembandika jina la Abiria, wakidai kwamba yeye hachezi, anasafirishwa tu. Anauliza kama ajilazimishe kupenda ramani kubwa ili arudishiwe heshima.

Hapana. Hata hivyo rafiki zake wana kesi ya kuegemea, na kijana aijue kabla ya kubishana. Final Fantasy XIII ilitoka Japani Desemba 2009 na kwingineko Machi 2010, ikapokewa kwa malalamiko kwamba ni korido ndefu. Kati ya sura zake 13, uwanda wa kuzurura unafunguka katika sura ya 11. Watetezi wake wana hoja: wahusika ni wakimbizi wanaosakwa na serikali, na mtu anayesakwa hasimami kuulizia bei ya upanga. Lakini gemu hiyo iliondoa karibu kila kituo cha mji, pale ambapo gemu za awali zilimwacha mchezaji apige gumzo na wenyeji na kusikia vituko vyao. Wachezaji hawakuchoshwa na njia peke yake. Walichoshwa na upweke wake.

Kijana akishakubali hilo, sasa atoe karata yake. Clair Obscur: Expedition 33, iliyotengenezwa na studio ndogo ya Sandfall Interactive ya Montpellier, Ufaransa, ilitoka Aprili 2025 na Desemba mwaka huo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Kisa chake kina saa inayoonekana kwa mbali: kila mwaka kiumbe aitwaye Mchoraji huandika namba, na waliofikia umri huo hutoweka. Namba inashuka mwaka hadi mwaka. Waliobakiwa na mwaka mmoja hufunga safari kwenda kumkomesha. Maeneo ya safari hiyo ni membamba, na kati yake kuna ramani ya kuvukia kama ilivyokuwa katika gemu za miaka ya 1990. Hakuna anayeuliza kwa nini hawakupewa bara zima.

Karata ya pili iko karibu zaidi na nyumbani. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ndiye sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, ya Oktoba 2017. Bayek ni baba aliyeuliwa mwanawe, na dunia yake ni Misri ya enzi za Kleopatra, wazi kutoka jangwani hadi baharini. Uzururaji wake haumuumbui, kwa sababu yeye ni Medjay, mlinzi wa watu, na kazi ya Medjay ni kusimamishwa njiani na kila mwenye shida. Kila anayemsaidia anamkumbusha aliyeshindwa kumwokoa.

Kisha Salim akaanzisha studio yake, Surgent, na Aprili 2024 ikatoa Tales of Kenzera: Zau. Si RPG kamili, lakini somo lake linafaa. Safari hii aliyefiwa ni mtoto. Salim alifiwa na baba yake mwaka 2013, na gemu hiyo imetokana na msiba huo. Zau, mganga kijana, anaingia mkataba na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho kubwa tatu, arudishiwe baba. Ramani ni finyu na safari haina michepuko mingi. Angepewa Misri nzima ya kuzungukia, ule mkataba ungesahaulika njiani.

Mtu yuleyule, msiba uleule ukiwa umegeuzwa upande wa pili, na mara moja akapewa uwanda, mara nyingine njia. Rafiki wa Noordwyk waambiwe hilo, kisha waulizwe ni lipi kati ya hayo mawili lililokosewa.

Mama Bando, Ivory Park

Mama huyu hana shida na fasihi. Shida yake ni bando. Mwanawe anataka Baldur's Gate 3, gemu ya Larian ya Ubelgiji iliyotoka Agosti 2023, ambayo watengenezaji wanataka itengewe GB 150 kwenye kompyuta. Mama amepiga hesabu ya intaneti ya kulipia kabla, akaketi.

Shangazi anamshauri amwambie mtoto aanze na Undertale, ya 2015, kazi ya Toby Fox. Haifikii hata GB moja. Njia yake ni fupi, lakini inakumbuka: mchezaji akimuua mtu, akajuta, akarudi kwenye rekodi ya nyuma ili afute kosa, gemu humdokeza kwamba imeona. Mtoto akimaliza na bado ana kiu, ipo Disco Elysium ya 2019, RPG ya upelelezi inayokaa karibu yote katika mtaa mmoja wa bandari uitwao Martinaise. Humo saa husogea kadiri mpelelezi anavyozungumza na watu, basi anayetaka siku iende haraka aongee zaidi na asome zaidi. Mama ataipenda kwa sababu haina mapigano ya kupiga kelele usiku.

Mjenzi wa Kilwa, Halfway House

Mwanafunzi huyu na wenzake wachache wanataka kutengeneza RPG ya pwani ya Waswahili ya zamani, kutoka Lamu hadi Sofala, kila kisiwa, kila msikiti, kila mnazi. Wamekwishachora ramani. Hawajaandika mtu hata mmoja.

Shangazi amevuta kiti. Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda ilitoa The Elder Scrolls II: Daggerfall, yenye nchi inayokadiriwa kulingana na ukubwa wa Uingereza, miji na mapango kwa maelfu, karibu yote yakiwa yamepangwa na kompyuta. Mtu angeweza kuingia mji wa mia akakuta kilabu kilekile na mwenyeji yuleyule akijibu vilevile. Gemu kuu iliyofuata katika mfululizo huo, Morrowind ya 2002, ikapunguzwa hadi kisiwa kimoja kilichopangwa kwa mkono, na ndicho ambacho wachezaji wanakikumbuka kwa majina ya vijiji vyake.

Mifano ya Afrika inaelekea hukohuko. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilipotoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, ilisimulia kisa kimoja kilichonyooka: mwanamfalme Enzo anapinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa, anakwenda uhamishoni na mkewe Erine. Hapa Johannesburg, Nyamakop ya Ben Myres na Cukia Kimani, waliosomea gemu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ilianza na Semblance ya 2018, gemu ndogo ya mafumbo, kabla ya kutangaza Relooted mwaka 2025, inayohusu Waafrika wanaorudisha hazina zao kutoka makumbusho ya Magharibi. Hakuna aliyeanza na bara.

Basi kijana akate ramani, abaki na Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, jumba la Husuni Kubwa lipo, sarafu za shaba zilifuliwa papo hapo, dhahabu ya Sofala ilipita. Na saa ambayo gemu nyingi za dunia wazi zimekosa, Kilwa inayo bure. Ni upepo. Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni, kusi huyarudisha, na Kilwa iko karibu na mwisho wa mahali ambapo jahazi lingeweza kufika na kurejea ndani ya msimu. Mchezaji aachiwe mji mzima: auze shanga, akope, agombee mchumba, ajitie katika fitina za ikulu. Hakuna wa kumwongoza. Ila siku kusi inapoanza kuvuma, manahodha wanatweka matanga, na mdaiwa wake, shahidi wake au mpenzi wake yumo chomboni. Aliyezubaa kwenye karata atasubiri mwaka mzima, na mwaka huo mjini una mambo yake.

Majibu ya haraka

Kwa Mwenye Inverta, Carlswald, aliyepoteza saa tatu za Final Fantasy VII kwa sababu umeme ulikatika kabla hajafika mahali pa kusevu: gemu ile ni ya 1997, na katika mapango yake kusevu kuna mahali pake maalumu. Akihofia umeme kukatika tena, acheze Skyrim, ambayo inamruhusu kusevu hata akiwa amesimama juu ya paa la mtu.

Kwa Mwenye Hofu, Kaalfontein, ambaye wahusika wake katika Baldur's Gate 3 hawajalala kwa sababu wameambiwa wana mdudu ubongoni atakayewageuza mazimwi: walale. Gemu inatisha kuliko inavyotenda, na baadaye inaeleza sababu. Mazungumzo mengi mazuri ya kambini hutokea usiku, na wasiolala wanayakosa.

Kwa Mkalimani, jirani wa Gallagher, anayetafuta gemu ya kusikiliza kwa Kiswahili baada ya kazi: Tales of Kenzera ina sauti za Kiswahili. Afungue mipangilio ya lugha kabla ya kuanza. Shangazi asingependa mtu wa fani yake akutane na Kalunga kwa mara ya kwanza akiongea Kiingereza.