Ripoti Yetu Ni Mtoro wa Kliniki

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ya Halmashauri yetu
(jina la Halmashauri nimelihifadhi, kwa usiri uleule mnaotuahidi sisi kila mwaka).

YAH: MAREJESHO YA TATHMINI YA HUDUMA ZA TIBA NA MATUNZO

Kamwene, Mheshimiwa. Huku kwetu ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na mimi nimekaa jikoni karibu na moto nikiandika kwa adabu zote nilizofundishwa na marehemu bibi, aliyeamini kwamba mkubwa hakaripiwi, huombwa.

Kwanza pokea shukrani. Oktoba iliyopita mlinialika tena kwenye kikao cha wadau, mara ya sita hiyo. Nilikaa ukumbi uleule, nikala sambusa mbili na yai, nikasaini karatasi tatu (ya mahudhurio, ya nauli, na ile ya tatu ambayo hakuna aliyewahi kujua ni ya nini), nikapangwa kundi la pili, nikakabidhiwa chati mgeuzo na kalamu nyekundu isiyotoa wino. Mwezeshaji, kijana mwenye sauti nzuri, akatuuliza ni changamoto zipi tunakutana nazo kliniki. Tukajibu: benchi.

Mwaka wa kwanza tulisema benchi. Wa pili, benchi. Wa tatu mama mmoja aliongeza choo, lakini tukamwomba asubiri, tumalize kwanza benchi. Kwenye projekta jibu letu lilitokea likiwa "changamoto ya miundombinu rafiki". Mwaka uliofuata likawa "uboreshaji wa mazingira wezeshi ya utoaji huduma". Nilipiga makofi na wenzangu. Mpaka nafika nyumbani sikujua nilichokuwa nakipigia makofi.

Benchi lenyewe, Mheshimiwa, ni la mbao za paina, na lipo kwenye baraza ya CTC, kliniki yetu ya tiba na matunzo, upande unaotazama barabara iendayo stendi. Mbele yake kuna tuta. Kila gari aina ya Noah linalopita lazima lipunguze mwendo hapo, na abiria wanapata muda wa kutosha kutusoma nyuso mmoja baada ya mwingine. Aliyeonekana hapo Jumanne hana haja ya kumweleza mtu hali yake. Ikifika jioni imeshaelezwa. Nyuma ya jengo kuna baraza nyingine, tupu, inayotazama matuta ya kabichi ya watumishi. Ni hatua ishirini. Siku moja tulilinyanyua benchi wenyewe, wanne, tukazuiwa kwenye kona: benchi lina namba ya mali ya serikali, halihami bila idhini, suala litaingizwa kwenye mpango. Tukalirudisha. Najua mtasema siku hizi wengi tunapewa dawa za miezi mitatu au sita, hivyo hatukai hapo mara nyingi. Ni kweli. Hata Noah haihitaji kupita mara nyingi.

Msidhani nazichukia takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, na mkoani Njombe 12.7. Walikuja, wakachukua damu, wakahesabu, wakachapisha, na mimi nimesoma kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Kati ya wanaojua kuwa wana virusi, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa, na kati ya hao, 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Nimo humo, nimenenepa na ninajivuna. Kilichobaki nyuma ni lile fungu la kwanza: wanaoishi na VVU wakajua hali zao walikuwa asilimia 82.7, wakati lengo ni 95. Kila mwaka mnatuuliza hao wengine wamejificha wapi. Hawajajificha. Baadhi yao wamo ndani ya Noah, wametuona kwenye benchi, na wameamua kwamba hawaumwi kitu.

Sasa ombi langu. Naomba ripoti ya tathmini aandikishwe kliniki.

Sarufi inisamehe, kuanzia hapa ripoti namtoa katika ngeli yake na kumpeleka ngeli ya watu. Nafasi ipo, kwa sababu sisi mlishatutoa humo zamani mkatupeleka kwenye ngeli ya namba. Apewe kadi yake ya CTC 1 awe anatembea nayo, na faili la CTC 2 libaki kwetu, ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya ukungu. Siku ya kwanza apimwe uzito. Mwandishi wake apewe ushauri nasaha wa ufuasi, na aulizwe yale tunayoulizwa sisi: nani atakukumbusha tarehe? Umemshirikisha mtu wa karibu kuhusu hali ya ripoti wako? Unatumia kilevi? Ukienda semina Dodoma, utamwachia nani? Akisema kompyuta iliharibika, muuguzi atazame dari, ashushe pumzi, kisha amgombeze kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. Ni utaratibu, asiuchukulie vibaya.

Baada ya miezi sita apimwe wingi. Tutahesabu "kuimarisha", "kujengewa uwezo" na "wadau". Yakizidi 1000, ufuasi ni mbaya, na mwandishi arudi kwa vikao vitatu vya ushauri, kwa nauli yake. Halafu kuna suala la nakala. Kipimo changu cha mwisho kilikuta nakala za virusi chini ya 50 kwa mililita moja ya damu, maabara ikaandika kuwa havionekani. Ripoti wenu tumemtafuta kwa mtendaji wa kata, kwa mganga mfawidhi, kwa katibu wa kikao aliyetuelekeza kwa mtendaji wa kata. Hata nakala moja haijaonekana. Kitaalamu mmenishinda: mimi nimefubaza virusi, ninyi mmefubaza ripoti mzima mzima, na bila kidonge.

Na akipitisha siku 28 tangu tarehe yake bila kuonekana, aingizwe kwenye orodha ya watoro, kama sisi. Mtoa huduma ngazi ya jamii atavaa ile fulana yenye nembo kubwa mgongoni, atapanda bodaboda mpaka geti la Halmashauri, atamuuliza mlinzi, kisha mama ntilie, kisha fundi viatu: "Samahani, ripoti wa UKIMWI anaishi hapa? Ana siku nyingi hajaja kuchukua dawa." Yote kwa usiri mkubwa.

Kuhusu neno hili mtoro, Mheshimiwa, niruhusu kidogo.

Kushoto kwangu kwenye benchi alikuwa anakaa mwenzangu, binti wa kuuza viazi. Alikuwa bado mgeni wa dawa, za mwezi mmoja mmoja. Jumanne moja mama mkwe wake alipita na Noah, na tuta likafanya kazi yake. Wiki ile ile akarudishwa kwao. Akahamia kliniki ya wilaya nyingine ambako hakuna anayemjua, akaenda mara mbili, mara ya tatu nauli ikakosekana. Tulimzika mwezi wa tano. Mwezi wa saba akaja mtu wenu na kishikwambi kumtafuta, jina lake likiwa bado kwenye orodha ya watoro, na aliyefungua mlango ni mama yake mzazi.

Mtoro ni nani hapo? Alikuwa tayari kumeza dawa mpaka uzeeni. Hakutaka tu kumezewa macho na abiria. Mnatuita, mnatulisha mayai, mnatuuliza tunaumwa wapi, tunawaonyesha kidole kilipo kidonda, na ninyi mnakwenda kukiandikia kidole. Neno benchi lina herufi sita. Mngeandika herufi moja kila mwaka, leo lingekuwa limekamilika.

Niwie radhi. Kuni ni mbichi, moshi umeniingia machoni.

Maombi mengine ni madogo. Fulana za tarehe 1 Desemba zishonwe na saizi za watu wanene, maana dawa zinafanya kazi. Sanduku la maoni, ambalo ufunguo wake uliondoka na mganga aliyehamishwa, livunjwe kufuli au ligeuzwe mzinga wa nyuki. Asali ina soko. Mwakilishi wa WAVIU, sisi tunaoishi na VVU, asiwe mimi kila mwaka, nina majirani wenye mawazo mazuri kuliko yangu. Yule mama wa choo apewe sasa zamu yake. Kikao kijacho kifanyikie kwenye benchi, Jumanne saa tatu asubuhi, wajumbe wakae wakitazama barabara. Sambusa mje nazo.

Nisisahau na hili. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, baadhi ya waliokuwa wakitujazia kadi walirudi nyumbani, na sisi tuliobaki kwenye benchi tukauliza: fedha za wageni zikikauka, mpango wa Halmashauri ni upi? Halikuwa swali la kihuni. Dawa hizi serikali ilianza kutupatia bure mwaka 2004, na mwaka 2015 ukawekwa kisheria Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI ili pumzi zetu zisining'inie kwenye pochi ya mtu wa mbali. Tukaambiwa tulilete kikaoni. Tukalileta. Mwezeshaji akatupongeza, akasema ni swali zuri sana, akaliandika kwenye chati mgeuzo kwa ile kalamu nyekundu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwakilishi wa WAVIU, kundi la pili.

Nakala: moja tu. Imebandikwa kwenye benchi, upande wa barabarani, abiria waisome Noah ikipanda tuta.