Sifa za Mashine Inayolilia Vizibo

Viongozi wamesifiwa, timu za mpira zimesifiwa, hata mchele wa Kyela una watu wake wa kuusifu. Mashine yangu haijapata mtu. Nimekaa nayo miaka mitatu, imeniumiza bega la kulia, imeniharibia jina mtaani, na imemaliza betri zote za nyumbani zikiwemo za redio ya mama watoto. Kuiacha bila sifa itakuwa dhuluma.

Ni ditekta ya kutafutia metali, ya mtu anayejifurahisha, si ile ya wachimbaji. Ina fimbo ya alumini, kisanduku chenye kioo cha namba, na huku chini sahani nyeusi ya plastiki yenye upana wa sinia la watu wawili. Aliniletea mpwa wangu anayeishi Uingereza, nilipostaafu ualimu. Kule, alisema, wastaafu huzunguka nayo mashambani siku za mapumziko, na mwaka 2009 bwana mmoja alifukua kwenye shamba la Staffordshire vipande zaidi ya 3,500 vya dhahabu na fedha ya kale, vikathaminiwa kwa zaidi ya pauni milioni tatu, wakagawana na mwenye shamba. "Na wewe Mjomba uko Tabora, kwenye rupia za Mjerumani," akasema, akapanda ndege akarudi zake. Ndugu wa mbali ndivyo walivyo. Wanakuachia wazo, wewe unabaki nalo.

Fadhila ndogondogo nizipitie haraka. Inamtembeza mzee kilomita tatu bila kumtoa kwenye uwanja mmoja. Inamfundisha kuinama. Nikivaa hedifoni sisikii hodi, kwa hiyo wale wageni wa saa saba mchana wamepungua. Muuza betri wa stendi amejenga.

Fadhila yenyewe, ambayo peke yake ingetosha kuisimamishia sanamu kwenye mzunguko wa barabara, ni usawa. Ndani ya ile sahani mna koili mbili za waya wa shaba. Moja inapitishiwa umeme unaogeukageuka maelfu ya mara kwa sekunde, nao unapeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali yoyote, metali nayo inazusha nguvu yake ndogo ya kujibu, na kazi ya koili ya pili ni kusikiliza jibu. Basi. Haiulizi aliyejibu ni nani, mtoto wa nani, katumwa na nani. Dhahabu ikijibu, tiii. Kizibo cha soda kikijibu, tiii, tena kwa furaha zaidi.

Katika utumishi wangu nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi nyingi, na sijapata kuona mnyonge akipokelewa kwa shangwe namna hii. Kizibo kimetupwa, kimekanyagwa na ng'ombe, kimeliwa na kutu upande mmoja, hakuna aliyewahi kukiulizia. Inafika mashine yangu, inakisimamia, inakitangaza. Mzee wa miaka 63 anakipigia magoti, anachimba kwa kisu, anakipangusa kwa kidole gumba mpaka rangi ya chungwa itokee. Kina meno 21. Nimeyahesabu, sikuwa na jingine la kufanya. Katika shule niliyofundisha, mtoto wa namba ya mwisho hakuwahi kupigiwa magoti na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu nilikuwa mimi.

Usawa huu haukuishia kwenye vizibo. Ulifika kwa misumari, nyembe, zipu ya suruali isiyo na suruali, kijiko kilichopinda, betri zilizokufa, na funguo tatu ambazo nyumba zake sijui ziko wapi. Kila kimoja kililiwa na udongo miaka na miaka kikisubiri siku ya kuitwa. Kila kimoja kiliitwa. Nilivikusanya kwenye ndoo, ndoo ikajaa, nikachukua pipa.

Kuna kitufe cha kuchuja, sikatai. Ukikibonyeza unaiamuru mashine isilie kwa vitu vya namba fulani, kama zile karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Nilikibonyeza siku moja nikiwa nimechoka. Kumbe pale kwenye kioo, karatasi ya sigara na kipande kidogo cha dhahabu husoma namba zinazokaribiana. Ukiizuia isikuletee takataka ndogo, umeizuia isikuletee na dhahabu ndogo. Kitabu chake kinasema hivyo, kurasa za mwisho, kwa herufi za kutafutia miwani. Nikaondoa mchujo. Tangu siku hiyo wote ni wageni wetu.

Hata mawe inayaheshimu. Changarawe nyekundu ya kwetu imejaa chuma, na usipoisawazisha mashine na ardhi kwanza, italia kila hatua kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Kuisawazisha ni hivi: unabonyeza kitufe, unapandisha sahani kiasi cha goti na kuishusha, juu chini, juu chini, mpaka sauti ya ardhi inyamaze. Wapita njia wanaona mzee anatwanga bila kinu. Ukimaliza, ukahama hatua ishirini, udongo umebadilika, anza upya. Siku moja ya mwezi wa kumi nilichimba toka saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua. Nikatoa jiwe. Jiwe! Jekundu, saizi ya limau, zito kidogo. Nikalirusha mbali. Nikapitisha sahani juu ya shimo, kimya. Nikaisogeza upande nilikolirushia, tiii. Aliyebuni kitu hiki ningemkuta siku ile, tungeongea mengine kabisa.

Samahani. Nilikuwa kwenye sifa.

Matunzo yake ni mepesi, mradi huna kazi nyingine. Sahani unaiosha kwa maji safi, lakini kisanduku hakitaki hata tone. Ule mfuniko wa chini ya sahani lazima uuvue kila mara, maana mchanga mwekundu ukijikusanya ndani yake mashine itakuwa inalilia mchanga wake yenyewe. Waya unaopanda kwenye fimbo uzungushie vizuri na uubane. Ukining'inia, kila ukipunga mkono utasikia hazina. Nilichimba mashimo kumi na moja kwa sababu ya waya. Na betri zitoe kabla ya kuiweka stoo. Mimi nilizisahau masika nzima, zikavuja uji mweupe ukakaukia kwenye vichwa vya shaba. Fundi redio wa sokoni akakata ndimu, akachovya mswaki mkuukuu, akasugua, akalehemu waya mmoja, akaiwasha. Ikalia hapo hapo, mezani pake, maana meza yake nzima ni vyuma. "Mwalimu," akasema, "hii ni nzima. Inasema kweli tupu."

Na inatoka katika ukoo wa watu. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, huyu huyu wa simu, akatengeneza kifaa cha namna hii na kukileta kitandani kwa mgonjwa. Daktari mkuu, Bliss, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba risasi iko upande wa kulia, hivyo Bell akaruhusiwa kupima upande huo tu. Kitanda nacho kilikuwa na nyaya za chuma chini ya godoro. Kifaa kikalia kwa nyaya, na risasi haikupatikana. Septemba rais akafa, ikaonekana risasi ilikuwa kushoto. Kifaa kilisema kweli yote kiliyoulizwa. Hakuna aliyekiuliza kushoto, kwa kuwa kushoto kungemwaibisha daktari.

Mshindani mmoja tu ninamtambua, naye ni panya buku. Pale Morogoro wanawafundisha kunusa baruti ya mabomu ya kutegwa ardhini. Mtu mwenye ditekta anaweza kumaliza siku nne kwenye eneo la uwanja wa tenisi, kwa sababu anasimama kwa kila msumari. Panya hupita hapo kwa nusu saa, misumari hana habari nayo. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza. Mashine yangu haina wivu. Medali yenyewe ingeilia.

Sasa kuhusu Mjerumani. Alikuwepo, na mwaka 1916, akiwa amezingirwa na vita, kweli aligonga sarafu hapa hapa Tabora kwenye karakana ya reli. Za shaba alizigonga kwa maganda ya mizinga, na za dhahabu, rupia 15 moja, kwa dhahabu ya Sekenke: tembo ameinua mkonga, nyuma yake Kilimanjaro. Za dhahabu zilikuwa kama 16,000, gramu saba na kidogo kila moja. Zidisha, zote kwa pamoja hazifiki kilo 120. Lakini kwa masanduku niliyosimuliwa mimi peke yangu, kijiji hiki tu, Mjerumani alizika tani tatu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini. Sijui alipata wapi muda wa kuchimba.

Kosa langu lilikuwa kuwasha mashine chini ya mwembe wa jirani. Ikalia, namba kubwa. Kwa kina cha kifundo cha mguu nikatoa bamba la jembe lililokatika. Kwangu kesi iliisha. Lakini palikuwa pameshatokea mtaalamu wa mali za kale mwenye nyaya mbili zilizopindwa, akasema jembe ni kinga: Mjerumani aliliweka juu ili wajinga waishie hapo. Akataka mbuzi mweusi. Mbuzi akapatikana kwa mchango, watu wakachimba mpaka kifuani. Nikashusha mashine shimoni mbele ya wote, ikakaa kimya. "Mnaona?" akasema yule bwana. "Imezibwa mdomo." Wakachimba mpaka shingoni. Mwembe ule, uliolisha watoto wa vizazi vitatu, mizizi yake ya upande mmoja yote ilikatwa. Umekauka. Mwenye nao ananisalimia kwa kidevu. Yule mtaalamu alikula mbuzi, akaondoka na nauli.

Habari zikafika serikalini, nikaitwa ofisini pamoja na mashine yangu. Sheria naikubali: kuchimba mabaki ya kale bila leseni kumekatazwa tangu sheria ya mwaka 1964, na nusu ya mashimo ya nchi hii yasingekuwepo watu wangeisoma. Nilikwenda nikiwa na maelezo yangu kwenye karatasi mbili.

Getini nikakutana na ndugu wa mashine yangu. Mlinzi alikuwa na ile ditekta ndogo ya mkononi, kama mwiko. Mbele yangu alikuwepo mama wa kijijini mwenye bangili za shaba. Ikalia. Akaambiwa avue. Zilikuwa zimekaa mkononi miaka mingi, hazitoki. Akapelekwa kando kwenye bomba, akapewa sabuni, akawa anasugua huku machozi yanamtoka. Akaja bwana wa suti, funguo rundo, simu mbili, mkanda wenye kichwa cha chuma kama kitasa. Mwiko ukalia kama gari la wagonjwa. "Shikamoo mkuu, pita tu." Akapita bila kugeuka. Nikaja mimi, na sanduku refu lenye ditekta nzima ndani, mwiko ukalia tiii, nayo yangu niliyosahau kuizima ikajibu tiii, zikaitikiana pale kama majirani. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamfahamu nani humu ndani?"

Kitu kidogo cha plastiki kilimlilia mkuu na kumlilia mama wa bangili kwa sauti ile ile. Kitufe cha kuchuja hakikuwa kwenye mashine.

Ndani, ofisa alizisoma karatasi zangu mbili, akafunga mlango, akainama. "Mwalimu, tuambiane ukweli. Mlipata masanduku mangapi?" Nikamwonyesha bamba la jembe. Alicheka kwa muda mrefu, kisha akaacha kucheka. Mashine ikabaki pale kwa uchunguzi. Ilikaa miezi mitatu na siku tisa; nilikwenda mara saba, na mara nne kati ya hizo mwenye ufunguo alikuwa semina. Iliporudi haikuwa na hedifoni wala betri, na sahani ilikuwa na udongo mweusi wa bondeni, ambao kwangu haupo. Mtu alikuwa anajifunza.

Niliiosha. Nikanunua betri. Sasa tunatoka asubuhi, mimi na mjukuu wa jirani yule wa mwembe, ambaye babu yake hajui kwamba anakuja. Mimi nachimba, yeye anabeba kiroba. Jumamosi anakiburura mpaka kwa wanunuzi wa chuma chakavu pale nyuma ya gereji. Vizibo, misumari, nyembe, vyote vinapanda mzani mmoja. Juzi alipata shilingi 2,400, akanunua daftari mbili na soda ya chungwa, akanywa yote akiwa amesimama. Kizibo akakitia mfukoni.

"Babu," akasema, "kesho tunatoka saa ngapi?"