Sufuria Lililotiwa Magadi Mara Mbili

Katika nyumba niliyoolewa, upande wa Usa River chini ya Mlima Meru, mtu anaweza kusema lolote kuhusu serikali, bei ya mahindi, mahubiri ya Jumapili na hata michango ya harusi, na chai ikaendelea kunywewa. Makande ndiyo hayaguswi. Mimi niliyagusa. Nilisema mezani, mama mkwe akiwepo, mawifi wakiwepo, shemeji na mume wangu wakiwepo, kwamba magadi yasiingie tena kwenye sufuria la nyumba ile. Nikaongeza kwamba maji ya kisima chetu, hata yachemshwe namna gani, si ya kuwapa watoto wadogo kunywa.

Hakuna aliyebisha. Mama mkwe alisema, "Sawa mama, tumesikia." Wifi mkubwa akaitikia kwa kichwa, akaniongezea chai. Mimi ni mtu wa Muheza, na kwa watu wa mlimani mkwe aliyetoka Muheza ni mgeni hata akizeeka hapo. Mgeni habishiwi.

Sababu yangu ilikuwa mdomoni mwa kijana wangu wa kwanza. Meno yake ya utotoni yalikuwa meupe, yakang'oka moja moja kama ya watoto wote. Yalipoota ya kudumu, yale ya mbele yalitoka na michirizi myeupe kama ya chaki, kisha michirizi ikageuka kahawia. Likizo moja tulikwenda Muheza, binamu zake wakamuuliza kama kwao hakuna miswaki. Tangu siku hiyo akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Arusha hakuna anayemuuliza, maana wenzake darasani wako hivyo hivyo. Wakubwa huwaambia kwa fahari kwamba hiyo ndiyo alama yetu: popote utakapokwenda Tanzania hii, ukifungua mdomo tu watajua umetoka wapi. Nami nasema, na hili ndilo lisilopendwa, kwamba ile si alama ya kabila wala ya mkoa. Ni jeraha alilolipata mtoto kabla hajajua kuchagua maji ya kunywa.

Meru ni mlima wa volkano, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Maji yanayopita katika miamba yake hubeba madini ya floraidi. Ndiyo maana maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yamejaa madini hayo, na ndiyo maana visima na chemchemi nyingi za Arumeru zina floraidi iliyozidi. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huliharibu jino la kudumu wakati bado linafanyika chini ya ufizi, tangu mtoto anapozaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi. Mswaki hauwezi kuondoa rangi hiyo, kwa kuwa si uchafu. Na mtu akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, madini hayo huingia kwenye mifupa, mgongo ukakakamaa na viungo vikauma.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tanzania, katika miaka ya 1970, iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, maana kushikilia kiwango cha chini kungekuwa sawa na kufunga visima huku watu hawana pengine pa kuchota. Baadaye tukashuka hadi 4, na mwaka 2018 ndipo kiwango cha nchi kikawa 1.5. Mama mkwe alizaa na kulea watoto wake wote katika miaka ile ya miligramu 8. Alichota maji yaliyokuwepo.

Kuhusu kuchemsha, jambo ni jepesi ingawa wengi hawalipendi. Maji yakichemka, kinachoondoka ni mvuke, na floraidi hubaki kwenye sufuria. Chemsha ili kuua vijidudu, ni vizuri, lakini usidhani umeondoa madini. Maji yakipungua nusu, yale yaliyobaki yana floraidi maradufu.

Magadi nayo ni shina jingine la tatizo hili hili. Hukusanywa kwenye maziwa ya magadi kama Natron na kwenye maeneo yenye udongo wa chumvi, na mengi huja na floraidi yake. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2006 juu ya kata ya Maji ya Chai, jirani zetu kabisa, ambao uliyachunguza magadi yenyewe na kuyahusisha na meno yaliyoharibika pale. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi, kisha akala makande yaliyopikwa kwa maji hayo hayo yakaongezwa magadi, anapata floraidi kwa njia mbili.

Hata hivyo, hakuna mama anayetia magadi kwa ukaidi. Anatia kwa sababu ya kuni. Mahindi makavu na maharage hukaa juu ya mafiga saa nyingi, na kipande cha magadi huyalainisha haraka. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nyumbani kwetu mtungi wa gesi upo, lakini ni wa chai na mboga. Makande yako mafigani hadi leo, kwa sababu hakuna anayetaka kumaliza mtungi kwa chakula cha siku moja. Ukimwambia mama mkwe aache magadi, umemwambia aongeze mzigo wa kuni. Kwa hiyo nilikuja na njia yangu: kuloweka mahindi na maharage usiku kucha, kumwaga maji ya kulowekea, kisha kupika kwa maji ya mvua.

Njia hiyo ilipangiwa mtihani siku ya kipaimara cha binti wa shemeji. Wageni walikuwa wengi: ukoo, majirani, wazee wa kanisa. Loshoro nilikabidhiwa mimi. Loshoro la huku ni makande yaliyoiva vizuri yakachanganywa na maziwa mgando, na hakuna shughuli ya Mmeru iliyokamilika bila hilo. Jumamosi jioni nililoweka kila kitu kwenye beseni kubwa la kufulia lililosuguliwa vizuri. Jumapili kabla ya kupambazuka niliinjika sufuria la shughuli, nikachochea moto, nikaenda ibadani na watoto. Mama mkwe na wifi mkubwa, waliosali ibada ya kwanza, wakarudi kulinda moto.

Yaliyofuata niliyajua baadaye kwa ushahidi wao wenyewe. Mama mkwe alichota punje kwa mwiko, akaiminya kati ya kidole gumba na cha shahada. Haikupasuka. Akatazama jua, akawafikiria wazee wa kanisa. Kwenye upindo wa kanga yake kulikuwa na fungu la magadi alilonunua jana yake soko la Tengeru, maana Jumamosi ni siku ya soko. Akavunja kipande cha ukubwa wa yai, akakiponda kwenye kikombe, akakoroga na maji, akamimina maji ya juu na kuacha mchanga chini, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akaenda kuoga.

Wifi mkubwa akatoka ndani. Naye akachota punje, naye akaminya. Bado ngumu, kwa kuwa magadi hayakuwa yamepata muda wa kufanya kazi. Akaenda kwenye kopo lililofichwa nyuma ya gunia la mkaa, kopo ambalo mimi niliambiwa lilishatupwa. Kipande chake kilikuwa kikubwa kuliko cha mama. Akatia, akafunika, akasafisha kikombe ili nisione.

Niliporudi, nilifunua sufuria. Mahindi yalikuwa ya njano iliyokolea, maharage meusi, mengine yameshapasuka na kuwa uji. Harufu ilikuwa ya nguo zilizolala kwenye sabuni. Kabla sijauliza neno, wifi mdogo, ambaye hakujua lolote, alikuwa ameshainua dumu la maziwa mgando na kuanza kumimina.

Aliyewahi kuchanganya magadi na kitu kichachu anajua kinachotokea. Sufuria zima lilitoa sauti kama ya soda inayofunguliwa. Povu likapanda, likafika ukingoni, likavuka, likateremka kwenye mafiga na kuzima moto. Wifi mdogo akaruka nyuma na dumu lake. Watoto wakashangilia. Wageni waliokuwa chini ya turubai wakasimama ili waone vizuri, na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba mkwe, akaja na fimbo yake, akaomba kijiko. Akaonja. Akatema pembeni ya mgomba.

"Nani ametia magadi humu?"

Kimya.

"Nauliza, nani?"

"Mimi nilitia kidogo tu, baba," alisema wifi mkubwa.

Mama mkwe akageuka akamtazama. "Na wewe ulitia?"

Hapo kila mtu akaelewa. Wageni walikula ndizi nyama na wali, vikatosha kwa kubanana. Loshoro lilimwagwa migombani, mahindi na maharage ya kulisha ukoo mzima yakaenda hivyo.

Jioni, wageni wakishaondoka, baba mkubwa alitukalisha sote. Hakuniuliza mimi kwanza, aliwageukia watu wa nyumba. Alisema: "Mwaka 1951 Wazungu walituondoa Engare Nanyuki, wakaswaga ng'ombe na kuchoma nyumba. Hatukuitikia kwa kichwa. Tulimtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952 alisimama Umoja wa Mataifa akasema mbele ya dunia nzima kwamba hatukubali. Ninyi mmeshindwa kumwambia mkwe mmoja, hapa jikoni, kwamba hamkubali?"

Ndipo mama mkwe akasema yaliyokuwa moyoni. Alisema bibi yake alikula magadi akazeeka na meno yake. Alisema mimi sijawahi kutoka msituni na mzigo wa kuni kichwani. Kisha akasema la tatu, kwa sauti ya chini: kwamba nilivyosema mezani mbele ya wanawe, ilikuwa kama namwambia amewalisha wajukuu sumu.

Nilimjibu la tatu kwanza, maana ndilo lililouma. Nilimwambia kwamba aliwalea wanawe kwa maji ambayo nchi yenyewe iliyaruhusu, na kwamba hakuna aliyemwambia lolote wala kumletea maji mengine. Sisi tumeambiwa, na tunacho cha kufanya, kwa hiyo deni ni letu. Kuhusu kuni, nilikubaliana naye kabisa. Mtu akileta wazo linaloongeza kazi ya mwenzake, abebe yeye hiyo kazi. Mume wangu akaahidi sufuria kubwa la presha, na akalinunua. Makande yaliyolowekwa usiku, yakaingia kwenye presha, huiva kwa gesi kidogo na bila magadi.

Hatukukubaliana yote. Mama mkwe amebaki na kopo lake kwa sufuria lake mwenyewe, kwa kuwa meno yake yalishafanyika zamani, na anapenda kisamvu chake kilainike vile. Wifi mkubwa bado anasema loshoro bila magadi halina ladha ya nyumbani, ila sasa analisema mbele yangu, na mimi namjibu mbele yake. Mapaa yetu yana mifereji inayopeleka maji ya mvua kwenye simtanki, na maji hayo ni ya watoto kunywa na ya kupikia chakula chao, yakishachemshwa.

Kwa asiye na mvua ya kutosha, njia nyingine zipo, na hazikutoka mbali. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao maji hupitishwa humo na madini yakabaki. Hapo Tengeru, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililompa mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, naye akiwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo. Watu wa hapa hapa wanajua floraidi ni nini na inaondolewaje. Kinachokosekana katika nyumba nyingi ni mtu wa kulisema jambo hilo mezani na watu wa kulijadili bila kuficha makopo.

Msomaji wa Arusha, Arumeru na popote maji yanapobeba madini haya: kama una neno lisilopendwa juu ya afya ya watoto wa nyumba yako, liseme, na uje na mikono ya kulitendea kazi. Kama hulikubali la mwenzako, likatae mbele yake, usiseme ndiyo ukaenda kutia magadi. Leo usiku loweka maharage, kesho mwaga yale maji. Jino la kudumu la mtoto hufanyika mara moja tu.