Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Gheto Yenye Sura ya Kila Mkenya

Wafadhili wamekubali kutoa pesa za filamu yako ya ujambazi jijini Nairobi, ila wanataka kila Mkenya ajione ndani yake. Ondoa shaka. Mswada hautaguswa hata ukurasa mmoja.

1. Anzia angani. Rusha droni juu ya mabati ya Kibera, subiri treni ikate katikati ya nyumba, kisha weka muziki wa huzuni. Fernando Meirelles alifika Kibera na kamera kwa ajili ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, na hadithi ikabaki ya mwanadiplomasia Mwingereza na mkewe. Mpango huo haujachakaa: wakazi wajaze nyuma, mgeni mwenye machungu yake asimame mbele.

2. Gawa kazi kikabila. Mlinzi wa geti awe Mluhya, mwenye duka awe Mhindi, Msomali atoke Eastleigh na begi ambalo halifunguliwi, na mtu wa Mombasa achelewe. Kufikia hapo unayo Kenya nzima, na hakuna aliyefanya jambo ambalo mtazamaji hakulitarajia.

3. Wanawake wako wa aina tatu: mama anayelia, kahaba mwenye moyo safi, na maiti. Bajeti ikibana, mwigizaji mmoja azimalize zote. Wanuri Kahiu aliwapa wasichana wawili wa mtaani filamu nzima, Rafiki ya mwaka 2018. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku. Ya nini presha yote hiyo?

4. Sheng ya mitaani iandikwe na tajiri wa Karen. Kila sentensi ianze na "manze" na iishie na "buda". Kijana wa Dandora akikueleza kwamba maneno hayo hayasemwi kwao, na ya mwaka juzi yameshazeeka, mshukuru na umnunulie soda.

5. Mlemavu awe ombaomba, aigizwe na mtu mwenye miguu yake miwili. Atainuka kupokea tuzo.

6. Hapa kuwa mwangalifu sana: usimpe jambazi ndoto. Ndilo kosa la David "Tosh" Gitonga katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Jambazi wake, Mwas, anaiba vipuri vya magari huku roho yake iko jukwaani, anataka kuwa mwigizaji. Watu wakajikuta wanamwombea mwizi afaulu. Kenya nayo ikaiteua kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, mara yake ya kwanza kupeleka filamu huko. Unaona hatari yake? Mhusika akishakuwa na kitu anachokitaka, hawakilishi tena kabila, mtaa wala ulemavu. Anakuwa mtu, na kwenye fomu ya wafadhili hakuna kisanduku cha mtu.

7. Shirikisha jamii. Mswada ukishafungwa, waite wakazi ukumbini, wape chai na mandazi, uliza maoni yao, na piga picha nyingi wakinyoosha mikono. Picha ziende kwenye ripoti. Maoni yaende na vikombe.

Yule kijana wa Dandora akiuliza jina lake limeandikwa wapi, mwambie ukweli: lipo kwenye orodha ya shukrani, mwisho kabisa, pale taa za ukumbi zinapowashwa na watu wanakimbilia matatu.