Tunaomba siku mbili tu, Ndugu Mkurugenzi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu.

YAH: OMBI LA SIKU MBILI ZA MKUU WA SHULE ALIYEHAMISHWA

Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Nimefika ofisini kwako mara mbili. Masjala walinipokea kwa uungwana, wakanipa kiti, wakanieleza kuwa uko ziarani kukagua miradi. Naelewa, maana halmashauri ni kubwa nawe ni mmoja. Ila watoto wetu wa Kidato cha Nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa mwezi Novemba, ndiyo maana nimeshindwa kungoja.

Nitangulize kusema kwamba sina ubishi na mamlaka yako ya kuhamisha watumishi. Wapo walimu wanaoomba wenyewe wawafuate wenza wao, wapo wanaopandishwa vyeo, na zipo shule zenye shida kutuzidi. Tena mkuu mpya uliyetuletea ni mtu wa kazi. Ndani ya wiki tatu vyoo vya wavulana vimepata milango, na kengele ya asubuhi ikigongwa walimu wako mstarini pamoja na wanafunzi. Kwa hilo tunakushukuru kwa dhati.

Kinachoniuma ni jinsi mabadiliko yalivyotufikia. Mwezi Agosti, ndani ya siku kumi, waliondoka mkuu wa shule, makamu wake, mwalimu wa taaluma na mwalimu wetu pekee wa Fizikia. Mkuu alifungasha Ijumaa, mwenzake akaripoti Jumatatu. Hawakuonana. Hati ya makabidhiano nimeisoma, kwa kuwa mimi ni mjumbe wa bodi ya shule. Ina kurasa nne: viti na meza, funguo za maabara, vitabu, salio la benki, mihuri miwili. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri na hesabu zake zimekaa sawa. Jina la mwanafunzi halimo hata moja.

Niruhusu nikueleze habari za mwanafunzi mmoja, jina lake nalihifadhi. Binti huyu aliacha shule kwa ujauzito, akarudi darasani kwa nguvu ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, ule uliowafungulia mlango waliokatiza masomo. Mkuu aliyehama ndiye aliyekwenda nyumbani kwao, akaketi na baba yake kwenye mkeka, wakapatana. Kila mapumziko ya saa nne binti atoke getini, aende nyumba ya pili kutoka shuleni anakoachiwa mtoto bibi mmoja, amnyonyeshe, arudi. Akichelewa dakika kumi asiulizwe. Walimu wote walijua. Hakuna aliyeandika popote, kwa sababu ilikuwa ni stara ya mtoto wa watu.

Mwalimu mpya wa nidhamu, akitimiza wajibu wake, alimkuta anatoka, akamuuliza mbele ya wenzake anakwenda wapi. Binti akanyamaza. Akarudishwa darasani. Ilipofika saa sita blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Mwenzake wa dawati moja anasema alilikumbatia daftari kubwa hadi saa nane na nusu, hata mwalimu wa Hisabati alipomwita ubaoni hakunyanyuka. Kesho yake hakuja. Leo ni siku ya tisa.

Nilipomweleza mkuu mpya, alivua miwani, akakaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mama, wapo wengine?" Sikuwa na la kumjibu, Ndugu Mkurugenzi. Mwenye jibu hilo yuko kilomita 40 kutoka hapa, ndani ya halmashauri yako hii hii, katika shule uliyompeleka.

Shule hii ni ya kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, mawe ya msingi wake tuliyasomba kichwani sisi wenyewe, nami nilikuwa nimembeba mgongoni kaka mkubwa wa binti yangu anayesoma hapo sasa. Ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto wakafurika, stoo ikageuzwa darasa. Ukituona tunahangaika kwa ajili ya walimu wake, tafadhali usidhani tunakuingilia kazi yako.

Fizikia nitaigusa kwa kifupi, kwani najua uhaba wa walimu wa sayansi ni wa nchi nzima. Binti yangu amefunga jiwe kwa uzi wa cherehani yangu, amelining'iniza kwenye kenchi, kila jioni anahesabu linavyokwenda na kurudi huku akitazama saa ya simu. Anajiandalia mtihani wa vitendo. Swali lake likimshinda ananiuliza mimi, nami ni fundi wa nguo.

Ombi langu, kwa unyenyekevu, ni hili. Umruhusu mkuu aliyehama aje siku mbili tu, akae na mwenzake, amweleze watoto: nani analala kwa nani, nani hali mchana, nani ana ruhusa gani na kwa nini. Yule wa Fizikia, mwajiri wake wa sasa akiridhia, aje Jumamosi nne kabla ya mtihani. Na mwakani, kama itakupendeza, wakuu wa shule wahamishwe Desemba shule zikiwa zimefungwa, na anayeondoka asiondoke kabla hajaonana na anayeingia.

Gharama zisikusumbue. Nauli ya wote wawili wazazi tumeshaichanga, iko kwa mweka hazina wa kamati yetu. Pa kulala ni kwangu.

Naomba kuwasilisha.

Mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Nne