Mwenye Njia ni Nani?

Sheria ya Usalama Barabarani ya nchi hii ni ya mwaka 1973. Ina umri wa mtu mwenye wajukuu, na kama wazee wengi wa hapa Dar es Salaam, inapewa shikamoo kila asubuhi, kisha kila mtu anaendelea na mambo yake.

Ndani yake, na kwenye vile vitabu vya alama tulivyokariri tukitafuta leseni, suala la kupishana limeelezwa vizuri tu. Anayetoka barabara ndogo amsubiri aliye kwenye barabara kubwa. Anayeingia kwenye kipilefti ampishe anayetokea kulia kwake. Taa nyekundu, simama. Mtu yuko kwenye pundamilia, simama. Hakuna hesabu ngumu hapo. Mtoto wa darasa la tatu ukimpangia magari ya kuchezea sakafuni atakwambia nani atangulie na nani afuate.

Sasa toka na hilo somo saa kumi na moja jioni, uone.

Huku barabarani mwenye njia ni yule asiye na cha kupoteza. Wengi hudhani ni mwenye gari kubwa, na ni kweli lori la kontena kutoka bandarini hakuna anayebishana nalo. Lakini hebu tazama mkokoteni. Mwenye mkokoteni hana rangi ya kuogopa kuchubuliwa, hana bima, hana leseni ya kunyang'anywa, na hana breki. Akiingia makutano, hata lori linatulia. Dereva wa daladala naye gari si lake. Lake ni ile hesabu ya bosi jioni, na hesabu haijali nani alifika kwanza. Mimi niliyelipia kigari changu, nikakilipia na ushuru, ndiye wa mwisho. Nasubiri wapite wasio na kitu, kisha wapite wenye vitu vingi, halafu taa inageuka nyekundu.

Kuna na mambo ya macho. Ukifika njia panda isiyo na taa, ukamtazama dereva mwenzio usoni, umekubali kumpisha. Ndiyo maana hakuna anayemtazama mwenzake. Mtu anaingia barabarani huku ameelekeza uso mbele, shingo imekakamaa, utadhani ametoka kuchomwa sindano ya tetenasi. Akikugonga atasema hakukuona, na atakuwa anasema kweli, maana alijitahidi sana asikuone. Indiketa haina kazi. Mtu akiwasha zote mbili kwa pamoja, ametaka ujue anakwenda moja kwa moja, jambo ambalo ungelijua kama asingewasha kitu. Akikupigia fulu, usidhani anakupa nafasi; anakutaarifu kwamba anakuja. Ishara pekee inayoheshimiwa jijini ni mkono wa konda ukichomoza dirishani na kupiga bati mara mbili. Huo mkono ukitoka, daladala limeshachomekea, na wewe unatafuta pa kuweka bampa lako.

Kwenye mataa ungetarajia kuwe na nafuu, kwa sababu taa haina undugu na mtu. Lakini taa zetu zina msimamizi. Taa inawaka kijani, na mbele yake amesimama trafiki ndani ya nyeupe, mkono umenyooka kama ukuta, maana yake kijani hicho si chako. Upande wa pili nyekundu inawaka na wenzako wanapita kwa raha zao. Ni kweli, kisheria ishara ya trafiki inaishinda taa, na sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni umeme ule wa taa unalipwa wa nini. Nimesoma kwamba taa ya kwanza ya barabarani duniani iliwekwa London Desemba 1868, ikiwaka kwa gesi, na polisi ndiye aliyekuwa akiigeuza kwa mkono. Haikumaliza hata miezi miwili, ikalipuka na kumjeruhi polisi wake. Naona habari zilifika hadi huku, na wenzake hawajasamehe mpaka leo.

Basi tunakaa. Anayejua lini tutaruhusiwa ni muuza karanga. Trafiki anaweza kukudanganya kwa kushusha mkono ili ajikune tu. Muuza karanga hakudanganyi. Ukimwona ameacha kuhesabu chenji na anarudi pembeni na beseni lake, weka gia.

Tukiruhusiwa tunakwenda wapi? Tunakwenda katikati ya makutano kusimama. Pale katikati kuna mistari ya njano iliyochorwa kama wavu, na maana yake ni usiingie kama huoni pa kutokea. Ukikuta mbele kumejaa, baki nyuma ya mstari hata kama taa ni ya kwako. Jaribu kubaki nyuma ya mstari. Honi utakazopigiwa zitakufanya uone aibu na kuhisi wewe ndiye umevunja sheria. Mwisho unaingia, unajaza njano, upande wa pili wanapata kijani na hawawezi kupita kwa sababu yako, nao wanaingia hivyo hivyo kwa ubavu, na makutano yote yanageuka maegesho ya bure.

Bodaboda nao hawamo kwenye mjadala huu, kwa maelezo yao wenyewe. Siku moja nilimwambia kijana aliyenipita kwenye nyekundu, tulipokutana mbele kidogo kwenye foleni, kwamba ile ilikuwa taa. Akanijibu kwa upole mno: "Taa ile ya magari, mzee wangu." Kisha akasogea, usukani wake ukanikunja saiti mira, akageuka na kuweka mkono kifuani: "Samahani, mzee. Shikamoo." Sasa hapo ufanyeje? Nikaitika marahaba.

Kipilefti ndicho kinachoniuma zaidi, maana ni ubunifu wa akili sana na una sharti moja tu: uliye nje msubiri aliye ndani. Waingereza waliotuachia hivi vitu hata wao walichelewa kulielewa. Ni mwaka 1966 ndipo walipolifanya kuwa sheria. Kabla ya hapo anayeingia alikuwa akiingia tu, mduara unajaa, aliyeziba tundu la kutokea naye kazibwa na aliye mbele yake, na aliye mbele kazibwa na wa nyuma, kwa sababu ni mduara. Hakuna anayetoka na hakuna anayeingia. Ukipita kipilefti chochote cha mjini jioni ya Ijumaa utagundua kwamba sisi bado tuko 1965.

Serikali ilipoona hatuwezi kupishana chini, ikaanza kutupandisha juu. Septemba 2018 likafunguliwa daraja la Mfugale pale TAZARA, Barabara ya Nyerere ikapita juu kwa juu. Februari 2021 Ubungo nako wakapata lao, la Kijazi, la ngazi tatu. Mabilioni yametumika ili watu wasikutane. Nashukuru, sijakosa adabu. Ila daraja lina mwisho, na ukishuka tu unawakuta wale wale uliodhani umewaacha chini, wanakusubiri kwenye makutano yanayofuata.

Yote haya ningeyavumilia, kwa sababu ni mambo ya binadamu na binadamu. Mkigongana mtashuka, mtatukanana, mtaitiwa trafiki, mtaelewana. Kinachonitisha ni kwamba tabia hii hii ya kuelewana tunakwenda nayo mpaka relini.

Reli ya kati Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Yaani ilikuwepo kabla ya lami, kabla ya daladala, na kabla ya babu yake konda. Hakuna anayeweza kusema ameshtukizwa. Na treni haikwepi mtu. Gurudumu lake ni chuma na linapita juu ya chuma, ndiyo maana kichwa kimoja kinaburuta mabehewa yote yale bila kuhema. Na sababu ni hiyo hiyo inayofanya breki zikishabanwa liendelee kuteleza. Treni nzito ya mizigo ikiwa kwenye mwendo inaweza kuhitaji kilomita nzima na zaidi mpaka isimame. Dereva wake akikuona umekwama relini, basi amekuona tu. Atakupigia honi, na honi hiyo si ya kuomba njia. Halafu macho yetu yenyewe ni waongo: kitu kikubwa kikija kimekuelekea huonekana kama kinajikokota. Unamsikia mtu anasema, "Bado iko mbali hiyo," kwa sauti ya mtaalamu.

Masharti ya kuvuka reli ni machache. Kibao cha pembetatu chenye picha ya uzio kinakwambia mbele kuna geti. Chenye picha ya kichwa cha treni kinakwambia hakuna geti, jilinde mwenyewe. (Dereva mwenzangu, mtu mzima kabisa, aliniambia hicho cha treni ni cha kuonyesha kuwa stesheni iko karibu.) Punguza mwendo, zima redio, shusha kioo, sikiliza, tazama huku na huku. Usiingie mpaka uone nafasi ya kutosha gari lako lote upande wa pili. Pita na gia ndogo, usibadilishe ukiwa juu ya reli. Gari likizimika humo, shukeni wote mwende mbali kwanza, ndipo muanze kubishana kama ni plagi au ni mafuta.

Njoo sasa kwenye kivuko ninachovuka mimi nikitoka kazini. Mlinzi wake ni mzee mmoja mwenye bendera nyekundu na bomba refu analolishusha kukatiza barabara. Inakuja treni ya mjini, ile ambayo tangu 2012 watu wanaiita treni ya Mwakyembe. Mzee anashusha bomba. Gari la kwanza linasimama vizuri, upande wake. La pili linasimama nyuma yake. Mimi ni wa tatu, na hapo ndipo ustaarabu unapokoma. Daladala la nyuma yangu linatanua kulia, linapita kwenye njia ya wanaotoka kule na kwenda kusimama mbele kabisa, pua inagusa bomba. Jingine linatanua kushoto, vumbini, kwa mama anayekaanga mihogo, ambaye anainua karai lake bila hata kugeuza kichwa. Bajaji wanajaza mianya. Barabara ni ya njia mbili, lakini upande wetu tuko mistari minne. Na ng'ambo ya reli wenzetu, watu wenye akili kama zetu, wako mistari minne wakitutazama.

Treni inapita, mlangoni watu wamening'inia, wanatuchungulia kwa huruma. Bomba linapanda. Wote tunaondoka kwa pamoja.

Tunakutana juu ya reli. Si karibu na reli. Juu yake hasa. Daladala la kwetu limegusana pua na lori la kule, katikati ya mataruma kuna bajaji mbili na mkokoteni wa maji, na bodaboda wanapenya chini ya vioo vyetu wakitoa shikamoo. Mzee wa bendera anazunguka akipiga magari mabati kwa kijiti cha bendera: "Jamani mko relini! Nyingine inakuja, jamani!" Hakuna anayemtazama, maana ukimtazama utatakiwa urudi nyuma.

Konda aliye mbele yangu akanigundua mimi, mwenye gari dogo kuliko yote.

"Mzee, rudisha kidogo hicho kigari chako, au tulale hapa?"

"Nirudi wapi, mwanangu? Nyuma yangu kuna lori."

"Basi jibane kwa mama mihogo."

"Thubutu!" akasema mama mihogo, na huyo ndiye mtu pekee aliyetetea haki yake ya njia jioni ile na akaipata.

Wahandisi wa SGR, ile reli mpya, nadhani walikuja kusimama mahali kama pale jioni moja, wakatutazama, wakarudi kuchora upya. Ile treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro, Juni 2024, ilikuja na mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Ukifumba jicho kwa sekunde moja imeshakata mita 40 na ushee. Kwa hiyo hawakutuwekea geti wala mzee wa bendera. Wamezungushia uzio, na barabara wamezipitisha juu au chini. Nilifurahi sana. Nikasema hapa ubishi umekwisha.

Juzi nimepita kwenye moja ya zile njia za chini, huku pembeni ya mji, kitundu cha gari moja moja. Kuna kibao chenye mishale kinachoeleza nani ampishe nani, na mshale ulikuwa wangu. Nikaingia. Nilipofika katikati, ikaingia Noah kutoka ng'ambo, dereva akapiga fulu, kisha akaelekeza macho yake kwenye dari ya zege. Nyuma yake ikaingia bajaji, nyuma yangu bodaboda watatu. Juu yetu treni ikapita. Tulipofika kwenye kuulizana nani alisomea wapi udereva, nadhani abiria wake walikuwa wameshashuka Morogoro na wanapatana bei na bodaboda wa kule.