Adui wa Pete ni Mwenye Pete

Vito huharibiwa na usafi kuliko wizi. Mwizi akiiba pete huitunza mpaka aiuze. Mwenyewe huikamulia limau, akaipaka dawa ya meno, akaisugua kwa mswaki, kisha akamlaumu sonara. Watu wa Itaka na wa Songwe nzima wana sababu ya kulisikia hili, maana bonde la mto Songwe lina chokaa iliyojengwa tabaka kwa tabaka na maji ya chemchemi za moto. Chokaa ya namna hiyo yenye michirizi, ikikatwa na kung'arishwa, huuzwa duniani kwa jina la oniksi. Idondoshee limau: itatoa povu, na pale tone lilipotua patabaki doa lililofifia. Hilo doa halifutiki kwa kitambaa chochote, kwa sababu si uchafu. Ni jiwe lililoliwa.

Atatokea wa kusema jiwe ni jiwe, limekaa ardhini tangu enzi na enzi, litashindwaje na limau? Aende Tanga akaone mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji tu ndani ya chokaa. Mwingine atadai oniksi yake ni ile halisi, ya jamii ya akiki. Sawa, hiyo ni ngumu: karibu 7 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, wakati chokaa ni 3 na kisu huichora bila jasho. Ila asijivunie sana ule weusi. Nyingi za sokoni zimelowekwa kwenye maji ya sukari, kisha kwenye tindikali, sukari ikaungulia humo humo ndani. Anavaa sukari iliyoungua, kwa lugha ya jikoni.

Bei nayo haimlindi mtu. Tanzanaiti, fahari ya Mererani tangu 1967, haifiki 7, na vumbi la barabara ya Tunduma limejaa chembe za mchanga zenye ugumu huo wa 7. Kuipangusa kavu kavu kwa pindo la kanga ni kuipiga msasa, na kuitumbukiza kwenye maji ya moto ghafla ni kuitafutia ufa. Suuza vumbi kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Kila jiwe lipe kifuko chake, hasa ukiwa na almasi, maana hiyo humkwaruza kila jirani na haiombi radhi.